Kipimo cha Machozi

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, la. Niliombwa nisiitaje na mabwana waliofika nyumbani kwangu kwa heshima zote, wakavua viatu mlangoni, wakanywa chai yangu, wakaondoka na redio yangu. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye mito na milima, na serikali inayotupenda kiasi cha kutaka kujua kila saa tunafanya nini.

Mimi ni mwigizaji wa redio. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipewa sauti za watu wadogo wadogo: mgonjwa anayekohoa, mlevi anayepotea njia, mteja anayelalamika dukani. Kisha Mkurugenzi wetu, Bwana Ndaro, akaona taifa limechoshwa na michezo ya wake wenza na mirathi, sasa lipelekwe anga za juu. Akatukusanya mezani, waandishi na waigizaji, akatuambia tubuni sayari yenye viumbe wa kutisha.

"Lakini sitaki mapembe wala mikia," alisema. "Redio haionyeshi mikia. Nataka tabia. Kila mtu aseme kinachomtisha."

Hapo nikagundua kwamba wenzangu ni waoga kuliko nilivyodhani. Mmoja alisema viumbe hao wale peke yao, mlango wakiufunga. Mwingine akasema wapite asubuhi bila kusalimia. Mama wa mapokezi, aliyekuja kuleta chai tu, akasema wawe wanamtazama mtu bila kusema neno, hivi, halafu wanageuza shingo polepole. Tulikwenda mbali sana angani, lakini sikusikia mtu akitaja jambo ambalo halijawahi kupita mtaani kwake.

Mwisho akasema Bwana Ndaro mwenyewe, tena kwa kushusha sauti.

"Mimi niliwahi kwenda msibani, kafa mtoto mchanga. Nikaingia uani kunawa mikono, nikamkuta mama wa mtoto anasugua masufuria. Macho makavu. Hata tone, ndugu zangu. Usiku ule sikulala."

Mama wa mapokezi akajifunga kanga mabegani ingawa palikuwa na joto.

"Basi ndiyo hiyo," alisema Bwana Ndaro. "Sayari yao haina maji, wao hawana machozi. Wanaitwa Wakavu."

Msiba ule ulikuwa wangu. Mtoto alikuwa wetu, na mwanamke aliyekuwa akisugua masufuria ni Mwanaidi, mke wangu. Nadhani Bwana Ndaro alikuwa amesahau amekula wali wa nani siku ile. Nami sikumkumbusha, maana alikuwa mkubwa wangu wa kazi na wazo lilikuwa zuri, kila mtu alisema hivyo. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu, na palepale nikapewa sauti ya Mfalme wa Wakavu.

*

Ngoja niwaeleze macho ya Mwanaidi, kwa kuwa baadaye yalielezwa na watu wengi wasioyajua.

Aliugua surua akiwa mtoto. Akapona yeye, machozi hayakupona. Kila siku alitia dawa ya matone aliyopewa zahanati, ili macho yasimkwaruze. Kicheko alikuwa nacho, hasira alikuwa nazo, majonzi ndiyo usiseme, ila vyote hivyo vilimtokea mikononi. Akifurahi anapika maandazi yasiyo na idadi. Akiudhika anafua mapazia. Mtoto wetu alipofariki alisugua kila chombo cha nyumba ile, na vya majirani akaviomba, hadi ngozi ya vidole ikabanduka. Mama yangu, Bi Hidaya, tuliyekuwa tukiishi naye, ndiye aliyemshika mikono na kuipaka mafuta, na tangu siku hiyo wawili wale wakawa kitu kimoja. Mtaani hakuna aliyekuwa na neno juu yake. Kila penye msiba walikuwa wakisema, "Mwanaidi kashafika jikoni?" Akiwa kafika, wenye kulia walikwenda kulia wakiwa na amani.

*

Sauti ya Mfalme wa Wakavu niliitoa kwa kuingiza uso katika mtungi mtupu. Mchezo ulianza Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata watoto wa mtaa mzima walikuwa wanalala na wazazi wao. Kila kipindi nilikifunga kwa maneno yaleyale, ndani ya mtungi: "Tumo kati yenu."

Wakati huo Mlezi Mkuu wa Taifa alikuwa safarini, na dereva wake akafungua redio. Nasikia alisikiliza bila kupepesa macho. Kipindi kilipokwisha aliuliza swali moja.

"Hatua gani zimechukuliwa?"

Ndani ya gari mlikuwa na waziri, jenerali na daktari wake. Mtu wa kumwambia mzee kwamba huo ni mchezo wa kuigiza hakupatikana. Waziri alijibu kwamba hatua zipo katika hatua za mwisho. Bwana Ndaro akaitwa Ikulu. Alikwenda amebeba mtungi wangu kama ushahidi, akitaka kueleza ukweli. Alirudi akiwa Mshauri Mkuu wa Mambo ya Sayari Kavu, na mtungi ukabaki huko kwa uchunguzi. Mimi nikatafutiwa mwingine.

Tangu hapo kila tulichoandika kilisomwa kwanza katika Baraza la Mawaziri. Mwandishi wetu mmoja, kwa kukosa la kuandika, aliweka Mkavu aliyejificha kama kinyozi. Vinyozi wakafungiwa nchi nzima. Yule mwandishi alitembea na nywele ndefu miezi ile yote na hakuna aliyemwonea huruma.

Ikaundwa Wizara ya Wageni wa Juu. Akateuliwa Mheshimiwa Kagusa, ambaye awali alikuwa Waziri wa Utalii, kwa hiyo wageni alikuwa amewazoea. Alitoa hotuba uwanjani, nami nilikuwepo, sote tulikuwepo, maana milango ya uwanja ilikuwa imefungwa kwa nje.

"Ndugu wananchi! Machozi ni maji ya taifa. Asiye na machozi hana uchungu. Asiye na uchungu hana nchi. Asiye na nchi katoka wapi? Katoka juu! Serikali yenu sikivu imelia, inalia, na itaendelea kulia bega kwa bega nanyi. Kuanzia leo kila raia atapimwa. Mwenye machozi asiogope. Anayeogopa, tutataka kujua kwa nini."

Tulishangilia sana. Jirani yangu alishangilia hadi akapoteza sauti, huku akitazama milango. Nami niliitazama.

*

Upimaji ulikuwa wa kisayansi kabisa. Afisa alikaa na kichupa kidogo cha kioo, akakiweka chini ya jicho la raia, kisha akamsimulia kisa cha mbuzi yatima aliyepotea kwenye mvua. Kisa kilitungwa na jopo. Kwa bahati mbaya raia wengi walimwonea huruma mbuzi bila kutoa maji, wengine wakauliza kama alikuwa amenona. Wizara ikabadili utaratibu: afisa akawa anamweleza raia wanakopelekwa wasiolia. Hapo vichupa vikajaa, na Wizara ikatangaza kwamba uzalendo umepanda.

Wasiolia walirudishwa kwao. Kwa kuwa nchi yetu haina chombo cha kwenda angani, walipandishwa mlimani nje ya mji, wakazungushiwa seng'enge, wasubiri chombo chao kije kuwachukua. Chombo hakikuja. Wizara ikaeleza kwamba huo ndio ujanja wa Wakavu. Mlima wenyewe tuliuona kutoka barabarani, na tulijifunza kupita pale tukitazama upande wa pili.

Vitunguu vikapigwa marufuku sokoni, na maafisa wakawa wananusa vidole vya akina mama. Dawa za macho zikaondolewa zahanati, ikasemwa ni machozi bandia kutoka anga za juu. Na ili kuzuia udanganyifu wa maji ya bomba, afisa alitakiwa kuonja. Mkuu wa maafisa wa wilaya yetu, Afisa Tindwa, alikuwa na ulimi uliosifiwa hadi makao makuu. Akionja chozi lako anakwambia kama ni la huzuni, la moshi au la kujilazimisha.

Niliporudi nyumbani siku dawa zilipoondolewa nilimkuta Mwanaidi amekaa na kitambaa chenye maji usoni. Niliogopa. Nasema hivyo wazi kwa sababu wakati ule hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nilifunga madirisha. Nikachanganya maji na chumvi kwenye kikombe, nikamlaza kichwa mapajani, nikamdondoshea jichoni. Alijikunja kwa maumivu, lakini hakupiga kelele, kwa kuwa majirani wangesikia.

"Tena," alisema. "Jaribu jicho la pili. Pengine yatakaa."

Hayakukaa. Macho yaligeuka mekundu, yakavimba, na baada ya dakika chache yalikuwa makavu tena.

Mama alikuwa kitandani chumba cha pili, ugonjwa umemkamata, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Mtampofusha mtoto wa watu!" aliita. "Wewe, njoo hapa."

Nilikwenda. Akanishika mkono kwa vidole vilivyobaki mifupa.

"Nikifa, Mwanaidi ndiye ataniogesha. Sitaki mwingine. Na wale wajinga wa vichupa wakija, wewe ndiye utakayesimama. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema utasimama."

"Nitasimama, mama."

Nilisema kwa sauti nzuri sana. Kazi yangu ni sauti.

*

Kuanzia hapo nyumba yetu iliishi kwa kusikiliza. Mtu akibisha hodi, Mwanaidi aliingia nyuma ya pazia na mimi nilihesabu pumzi kabla ya kuitika. Mara nyingi alikuwa jirani anaomba kiberiti. Nilimpa kiberiti nikiwa nimeziba mlango kwa mwili, naye akawa anajifanya haoni, kwa sababu kwake pia kulikuwa na pazia lililokuwa likicheza bila upepo.

Na kila Alhamisi nilikwenda studio, nikaingiza uso mtungini, nikawaambia wananchi kwamba Wakavu wamo kati yao. Niliwahi kumwomba Bwana Ndaro, kwa adabu, kama Mfalme angeweza kufa kipindi kijacho, au angalau arudi kwao salama.

Aliangalia mlango kwanza, ndipo akanijibu.

"Jongo, ndugu yangu, Mfalme akifa mimi nitamshauri Mlezi Mkuu kuhusu nini?" Jasho lilikuwa linamtiririka. "Na usiniulize tena. Mke wangu naye hajapimwa."

*

Mama alifariki asubuhi, kabla uji haujapoa.

Mwanaidi alimwogesha kama alivyoagizwa. Akamvika sanda, akamfukiza udi, akatoka akafunga kanga kiunoni, akaenda uani kuinjika sufuria kubwa la wali wa msiba. Watu walianza kufika. Walilia kuanzia barabarani, vilio ambavyo sijapata kuvisikia. Waliokuwa wanamfahamu mama na wasiomfahamu walilia sawasawa, na kila mmoja akilia alikuwa anachungulia geti. Mzee mmoja alinikumbatia akaninong'oneza, "Wamefika?" kisha akaendelea kulia.

Walikuwa njiani. Sheria mpya ilisema kipimo bora hufanyika msibani, kwa kuwa huko serikali haina haja ya mbuzi. Afisa Tindwa aliingia na walinzi wawili na sanduku la vichupa. Alitoa pole kwanza, alikuwa mtu mwenye adabu. Kisha akaanza mstari wa mbele, anakinga, anaonja, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Woga," alisema kwa wa kwanza. "Si kitu, inakubalika." Wa pili, woga. Wa tatu, woga na kikohozi kidogo.

Jambo moja lilituponza. Watu wa mtaa wetu walimpenda Mwanaidi, na kwa kumpenda kila mmoja alijitahidi asitazame upande wa jikoni. Walijitahidi kupita kiasi. Watu wote wa turubai wamegeuza shingo upande mmoja, na Afisa Tindwa, ambaye hakuwa mjinga, akaanza kutazama upande mwingine.

Lakini kabla hajafika huko, alifika kwangu.

"Ndugu Jongo," alisema, akainua kichupa. "Mwenye msiba. Karibu."

Nikasubiri machozi yaje. Mama yangu alikuwa amelala ndani, amevikwa nguo nyeupe, na mimi ni mtoto wake wa pekee. Nilimkumbuka akinipulizia uji. Nilimkumbuka mkono wake wa mifupa. Macho hayakunijibu. Woga ulikuwa umenikausha mwili mzima, hata ulimi ulinata kwenye kaakaa. Kichupa kilikaa chini ya jicho langu, kitupu, na mtu mmoja nyuma yangu akaacha kulia ili asikie vizuri.

"Aliyekufa ni mama yako mzazi?" aliuliza Afisa Tindwa.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mbona kukavu?"

Walinzi wakasogea. Mmoja alishanishika bega. Nilitaka kusema neno, nikasikia sauti ikitoka uani.

"Mwacheni huyo. Ana woga tu."

Mwanaidi alikuwa amesimama na mwiko mkononi, uso umepata majivu. Alikuja hadi katikati ya turubai, na watu wakampisha upana ambao hakuuhitaji.

"Mnayemtafuta ni mimi. Huyo mpeni muda, atalia."

Afisa Tindwa aliniacha. Alimwinua kidevu Mwanaidi, akatazama jicho la kwanza, akatazama la pili. Alikuwa amepima wilaya nzima bila kuogopa. Sasa alirudi nyuma hatua.

"Lia," alisema.

"Siwezi."

"Mkwe wako amekufa!"

"Nimemwogesha," alisema Mwanaidi. "Nimemvika. Watu wake nawapikia. Kimebaki nini sijafanya?"

"Kulia."

"Hicho sina, baba. Sikuwahi kuwa nacho tangu surua."

Afisa Tindwa aliiandika surua kama jina la sayari. Kisha, kwa kuwa utaratibu unataka hivyo, akanigeukia.

"Ndugu Jongo. Huyu ni mkeo. Umelala naye nyumba moja miaka yote. Ulijua?"

Watu wote walinitazama. Mwanaidi peke yake hakunitazama, alikuwa anaangalia moshi wa jikoni. Mama alikuwa ndani, mlango wazi, hatua chache kutoka niliposimama. Nilifungua mdomo na nikajisikia nasema, tena kwa sauti nzuri, yenye mshangao wa kutosha.

"Sikujua."

Mwanaidi alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa ameitarajia. Akaja karibu yangu. Walinzi walitaka kumzuia, lakini alikuwa ananipa mwiko tu.

"Wali usiungue," alisema. "Watu wametoka mbali."

Wakamshika mikono, mikono ileile, wakaondoka naye. Alikuwa ameshapita geti machozi yangu yalipokuja. Yalinijia mengi kuliko nilivyowahi kulia maisha yangu yote, yakalowanisha shati, na sauti iliyonitoka sikuijua. Afisa Tindwa alirudi mbio na kichupa.

"Hayo, hayo, endelea! Usijifute!"

Akajaza kimoja, akaomba cha pili. Akaonja. Akafumba macho, na nilipotazama uso wake niliona furaha ya kweli, furaha ya mtu anayeipenda kazi yake.

"Safi," alisema, akanipa mkono mbele ya watu. "Safi kabisa. Huyu ni binadamu."

Watu walipiga makofi, kisha wakakumbuka ni msibani. Wali uliungua.

*

Alhamisi ikafika. Nilikwenda kazini, maana mtu aliyethibitishwa hana udhuru. Nilikaa mbele ya kipaza sauti, taa nyekundu ikawaka, na nikasahau kuchukua mtungi. Ulikuwa palepale mezani. Nikasema maneno ya Mfalme kwa sauti yangu mwenyewe, polepole, bila kuigiza chochote.

"Tumo kati yenu."

Fundi mitambo alivua vifaa vya masikioni akatoka nje. Bwana Ndaro alibaki amesimama nyuma ya kioo, mkono mdomoni.

Wiki nzima iliyofuata simu hazikukoma. Wasikilizaji walisema hawajawahi kuogopa kiasi kile. Wengi walitaka kujua kiumbe yule wa kutisha tumempata sayari gani.